Mugongo: plantasyo ya maua iliyokuwa nyumba ya mayatima, leo bustani ya wageni

Ukivuka mupaka wa Petite Barrière, ukapita muji wa Gisenyi na kushika barabara ya lami inayopanda kwenda Musanze, baridi inakupokea mbele ya kuona mulima. Kisha Karisimbi unajitokeza upande wa kushoto, murefu kuliko volkano zote za Virunga, mita 4,507. Chini yake, katikati ya mashamba ya viazi, kuko nyumba ya zamani ya plantasyo inayoitwa Mugongo. Jina hilo mutu wa Goma hana haja ya kutafsiriwa: ni mugongo ule ule, wa mutu ao wa kilima.

Leo Mugongo ni mahali pa kupumzika. Wageni wanatembea bustanini, wanaingia katika nyumba iliyofunikwa na mimea kwenye kuta, wanakula, wanapiga picha na mulima nyuma yao. Ni pazuri, hakuna ubishi. Lakini hakuna mutu aliyejenga Mugongo juu ya mapumziko. Ilikuwa kwanza shamba la dawa ya wadudu, kisha shamba la maua ya kuuza, kisha nyumba ya watoto zaidi ya 400 waliopoteza wazazi. Kila mara kazi ilipobadilika, ilibadilika kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imekufa, na watu waliokuwa pale hawakutaka kuondoka. Nyumba nyingi za aina hii zilizokuwa kuzunguka ziwa Kivu zimebaki misingi na ngazi tupu katika majani. Hii imesimama. Historia yake ni ya kueleza namna gani.

Kivu na Ruanda wakati wa Wabeleji

Vijana wa leo wanaona mupaka wa Goma na Gisenyi kama ukuta. Wakati wa ukoloni haikuwa hivyo kwa watu wenye mashamba. Tangu mwaka 1925 Wabeleji waliunganisha utawala wa Ruanda-Urundi na ule wa Kongo, na franga iliyotumika huku na kule ilikuwa moja. Muzungu aliweza kuwa na kahawa Rutshuru, rafiki Kisenyi (ndivyo walivyoandika Gisenyi), na deni kwa duka la Goma au la Bukavu, yote katika juma moja.

Upande wa Kongo, kazi ya kugawa udongo ilifanywa hasa na Comité National du Kivu, CNKi, iliyoundwa mwaka 1928 kwa kufuata mufano wa kamati ya namna hiyo iliyokuwa tayari Katanga. CNKi iliita wakoloni wenye mutaji, ikawapa konsesyo katika nyanda za juu za Masisi, Rutshuru na Kivu ya Kusini, mahali ambapo hewa ni baridi na malaria ni kidogo. Wenyeji waliokuwa wakilima na kuchunga pale hawakuulizwa sana. Ugomvi wa udongo ambao unasikika mpaka leo katika Masisi una muzizi wake mumoja hapo, na hilo halipaswi kusahauliwa mutu akisifu uzuri wa nyumba za zamani.

Katika dunia hiyo ndimo aliingia, mwaka 1949, mwanamuke Mumarekani aitwaye Rosamond Halsey Carr. Alizaliwa mwaka 1912 katika jimbo la New Jersey. Kazi yake mbele ya Afrika haikuwa na uhusiano wowote na jembe: alikuwa muchoraji wa mitindo ya nguo huko New York. Mwaka 1942 aliolewa na Kenneth Carr, Mwingereza muwindaji aliyekuwa amezunguka Afrika sana na aliyekuwa na umri mukubwa kumupita. Ndoa yao ilikuwa inayumba tayari wakati walipofika Kivu. Kenneth aliondoka. Rosamond akabaki.

Alianza kwa kusimamia mashamba ya wengine. Kisha akanunua Mugongo, plantasyo ya piretre.

Ua linaloua mududu

Piretre, ambayo Wanyarwanda wanaita ibireti na Wakenya wanaita pareto, ni ua jeupe lenye katikati ya njano. Mutu asiyelijua anaweza kulichuma na kuliweka mezani. Katikati yake kuko dawa ambayo inaangusha mbu, inzi, chawa na viroboto, na isiyodhuru sana mutu na mifugo. Jua linaivunja dawa hiyo haraka, ndiyo sababu haibaki katika udongo muda murefu.

Ua hili linapenda mahali pa juu. Bila usiku wa baridi halifungui machipukizi ya kutosha, na mwenye kulipanda kando ya ziwa atapata majani mengi na maua machache. Miteremuko ya volkano, yenye udongo mweusi na mvua ya kutosha, ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili yake. Ndiyo sababu piretre ilienea Masisi na Rutshuru huku, na Ruhengeri na Gisenyi kule.

Kazi yake ni ya mikono kabisa. Maua hayafunguki yote siku moja. Wachumaji wanarudi katika shamba lile lile kila baada ya juma mbili hivi, wakiacha yale ambayo hayajawa tayari. Wakati wa kuchuma, kikapu kikijaa kabla ya saa sita, bado shida haijaisha. Maua mabichi yakikaa rundo yanapata joto, yanachacha, na dawa inapotea. Yanapaswa kukaushwa upesi, siku ile ile ikiwezekana. Jua halitoshi chini ya Karisimbi, ambako wingu linaweza kushuka saa nane ya muchana na kubaki mpaka kesho. Kwa hiyo kila plantasyo ya piretre ilikuwa na nyumba ya kukaushia: jengo refu, lenye moto chini na mitego ya kutandaza maua juu. Kilo nne ao tano za maua mabichi zinatoa kilo moja tu ya makavu.

Jengo hilo la kukaushia ndilo litarudi mbele katika historia hii, kwa kazi ambayo hakuna mwashi aliyewahi kuifikiria.

Plantasyo ni watu pia. Mugongo kulikuwa na kapita, wachumaji wengi wanawake, walinzi, wapishi. Kati yao alikuwamo kijana wa jirani, Sembagare Munyamboneza. Alianza kazi chini kabisa, akapanda polepole mpaka kuwa musimamizi wa shamba lote, na mwishoni mushirika wa Rosamond Carr katika kila jambo. Vitabu na filamu vinapenda kuweka muzungu mbele. Lakini mwanamuke mumoja mugeni hawezi kushika plantasyo nusu karne peke yake, na Rosamond mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema.

Kwa nini nyingine zilikufa

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, na tarehe 1 Julai 1962 Rwanda. Miaka hiyo, wenye plantasyo wengi walifunga masanduku. Upande wa Kivu, waliobaki waliona sheria Bakajika ya mwaka 1966 ikirudisha udongo wote kwa serikali. Kisha ikaja tarehe 30 Novemba 1973: Mobutu alitangaza zairianisation. Plantasyo, maduka na viwanda vidogo vya wageni vikapewa raia wa Zaïre, wale walioitwa acquéreurs.

Wazee wanajua yaliyofuata. Wengi waliopata hawakuwa wakulima. Walikuwa watu wa siasa na wa biashara waliokaa mbali na shamba. Mashine ziliuzwa, mishahara haikulipwa, miti ya kahawa ikaachwa bila kupogolewa. Serikali ilijaribu miaka michache nyuma kurudisha mali kwa wenyewe, lakini kitu kilichovunjika ni kigumu kuunga. Katika Masisi, sehemu kubwa ya mashamba ya piretre, chai na kahawa iligeuzwa malisho ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe anahitaji wafanyakazi wachache na karatasi moja ya umiliki. Walioishi humo kama wafanyakazi, vizazi viwili ao vitatu, wakajikuta hawana kazi wala shamba.

Rwanda haikuchukua njia hiyo. Rosamond Carr alibaki na Mugongo yake. Haimaanishi kwamba kule udongo haukuwa na vurugu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, karibu hektari 10,000 zilikatwa kutoka mbuga ya volkano upande wa Rwanda ili familia za wakulima zipande piretre. Ni mupango uliopunguza pori kwa kiasi kikubwa sana, na uliingia katika hesabu mbaya: wakati mashamba mapya yanaanza kutoa, wanasayansi wa Ulaya walikuwa wanatengeneza katika maabara dawa zinazofanana na piretre, zenye nguvu zaidi na zisizovunjwa na jua. Soko la ua la asili likateremuka.

Plantasyo ndogo kama Mugongo haikuweza kuishi na bei hiyo. Rosamond alikuwa tayari na bustani kubwa ya maua ya kupendeza macho, aliyoipanda kwa namna ya bustani za Kiingereza. Akageuza mapenzi kuwa biashara: akaanza kukata maua na kuyauza kwa mahoteli na nyumba za mabalozi. Gari lilishuka na maua badala ya magunia ya piretre. Si biashara iliyomutajirisha. Ilitosha kulipa watu.

Jirani wa mulimani

Mwaka 1967 Mugongo ilipata mugeni ambaye ndiye anajulikana zaidi duniani, ijapokuwa katika historia ya shamba yeye ni sura moja tu. Dian Fossey alikuwa ameanza utafiti wake wa sokwe wa mulimani upande wa Kongo, Kabara, karibu na Mikeno. Mwezi wa Julai mwaka huo uasi wa mamluki wa Jean Schramme ulilipuka Kisangani, Kivu yote ikawa katika wasiwasi, na askari wakamushusha Fossey mpaka Rumangabo. Alifaulu kutoroka kupitia Uganda. Alipotafuta namna ya kuanza tena upande wa Rwanda, alifika kwa Rosamond. Tarehe 24 Septemba 1967 alifungua kambi ya Karisoke, kati ya Karisimbi na Visoke.

Wanawake hao wawili hawakufanana. Fossey alipenda sokwe na aligombana na wachungaji waliopandisha ng'ombe porini. Rosamond aliishi katikati ya familia za wachungaji hao hao, aliajiri watoto wao. Urafiki ulidumu hata hivyo, mpaka Fossey alipouawa Desemba 1985. Katika filamu ya mwaka 1988 juu ya maisha ya Fossey, Rosamond anaigizwa na Julie Harris, na watu wengi ndipo waliposikia kwamba kuko muzee mwanamuke Mumarekani anayelima maua chini ya volkano.

Aprili mpaka Desemba 1994

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, wageni waliondolewa Rwanda kwa haraka. Rosamond, aliyekuwa na miaka 81, aliondoka pamoja nao akarudi Marekani, kwa watu wa jamaa. Sembagare alibaki. Alinusurika, lakini si kwa sababu hatari ilimupita mbali.

Watu wa Goma hawana haja ya kuelezwa mwezi wa Julai. Ndani ya siku chache, watu mamia ya maelfu walivuka mupaka. Walilala barabarani, kwenye viwanja vya shule, juu ya mawe ya volkano ambayo hayachimbiki hata kaburi. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Makambi yalijaa Kibumba, Kahindo, Mugunga, na Katale, jina ambalo wazee wa Rutshuru wanalijua pia kwa plantasyo yake ya kahawa. Katika makambi hayo kulikuwa watoto waliopotea mikononi mwa wazazi katika msongamano, watoto waliookotwa kando ya maiti, watoto wadogo kiasi cha kutojua jina la kijiji chao. Na ndani ya Rwanda yenyewe walikuwa wengine, ambao wazazi wao waliuawa.

Agosti 1994 Rosamond Carr alirudi. Katika mwezi huo alitimiza miaka 82. Nyumba yake ilikuwa imeporwa. Bustani ilikuwa imeharibika. Mutu wa umri huo angeweza kufunga mulango na kwenda kuzeeka mahali pengine, na hakuna angemulaumu.

Kilichobaki kikiwa na paa na ukubwa wa kutosha kilikuwa jengo la kukaushia piretre. Yeye na Sembagare walilisafisha, wakaligawa, wakaweka vitanda mahali palipokuwa panatandazwa maua. Tarehe 17 Desemba 1994 walifungua nyumba ya mayatima wakaiita Imbabazi, neno la Kinyarwanda linalobeba maana ya huruma na mapenzi ambayo mama anampa mutoto. Watoto wa kwanza waliletwa, na baada yao wengine, wakiwemo wale waliorudishwa kutoka makambi ya Goma.

Wafanyakazi wa maua wakawa walezi, wapishi, walinzi wa watoto. Hilo ni jambo la kutazama vizuri, kwa sababu ndilo linaeleza kwa nini mahali hapa hapakufa. Hakuna shirika kubwa lililotoka nje na magari meupe na kujenga kituo. Watu waliokuwa na mushahara wa plantasyo, wengine wao wenyewe wakiwa wamefiwa, walibadilishiwa kazi juma moja hadi lingine. Marafiki wa Rosamond huko Marekani walituma musaada. Shamba lilitoa chakula. Watoto walikuwa wa makabila yote, na kulala katika jengo moja, mwaka mumoja baada ya yale yaliyotokea, haikuwa jambo dogo kwao wala kwa walezi.

Baadhi yao walipata tena ndugu. Mutoto anakumbuka jina la mulima, ao jina la shangazi, na mutu anakwenda kuuliza. Wengine hawakupata mutu. Hao ndio walikulia pale.

Kuhama na kurudi

Amani haikushika. Mwaka 1997 na 1998 vita vya waasi vilirudi kaskazini-magharibi mwa Rwanda, katika milima ile ile. Si mbali na Mugongo, Mudende, kulikuwa kambi ya wakimbizi Wakongomani, wengi wao Watutsi waliokimbia Masisi. Kambi hiyo ilishambuliwa mara mbili mwaka 1997, Agosti na Desemba, na mamia wakauawa. Familia kadhaa za Masisi zina watu wao waliolala pale. Kuacha watoto chini ya Karisimbi ilikuwa kuwatoa sadaka. Imbabazi ikahamishwa kushuka Gisenyi, karibu na ziwa, na Rosamond akaenda nao.

Kwa hiyo tarehe 17 Januari 2002, wakati Nyiragongo ilipopasua muji wa Goma katikati na watu mamia ya maelfu wakavuka tena mupaka, safari hii Wakongomani, watoto wa Imbabazi walikuwa wakiishi katika muji huo huo wa Gisenyi uliowapokea watu wa Goma.

Miaka hiyo ya Gisenyi ilitoa pia kitu ambacho kilisafiri mbali. Mwaka 2000 Mumarekani mupiga picha, David Jiranek, aliwapa watoto wa Imbabazi kamera za kutumia mara moja na kuwaacha wapige wanachotaka. Mradi huo uliitwa Through the Eyes of Children. Picha zao zilionyeshwa katika inchi za nje. Ajabu ya picha zile ni kwamba hazionyeshi vita. Zinaonyesha mukono, ukuta wenye jua, rafiki anayecheka, mutu anayetembea barabarani.

Mwaka 1999 Rosamond alitoa kitabu cha maisha yake, Land of a Thousand Hills, aliyoandika pamoja na binti wa ndugu yake, Ann Howard Halsey. Mwisho wa 2005 nyumba ya mayatima ilirudi Mugongo. Tarehe 29 Septemba 2006 Rosamond Carr alifariki, na miaka 94. Alizikwa Mugongo, katika shamba lake la maua.

Nyumba ya mayatima inafungwa, wageni wanakuja

Watu wengi wanafikiri nyumba ya mayatima inafungwa kwa kukosa pesa ao kwa kashfa. Hapa sababu ni nyingine. Watoto wa 1994 walikuwa watu wazima. Halafu mwaka 2012 serikali ya Rwanda ilipitisha mupango wa kuacha vituo vya mayatima na kuweka watoto katika familia, za ndugu ao za walezi. Wataalamu wengi wa watoto wanaunga mukono wazo hilo: hata kituo kizuri hakiwezi kushinda familia ya kawaida yenye mapenzi. Imbabazi kama bweni ilimaliza kazi yake.

Ikabaki swali lile lile lililokuwa mwaka wa piretre kuanguka: shamba hili litakula nini? Bustani inahitaji mikono kila siku. Chini ya Karisimbi majani yanakua haraka kuliko maua. Ukiiacha miezi sita, inakuwa pori. Jibu lilikuwa kufungua mulango. Wageni walikuwa tayari wanapita njiani kwenda kuona sokwe. Wengine walikuwa wamesoma kitabu ao kuona filamu. Wakaanza kupokelewa kutembea, kuona vyumba na vitu vya zamani, kula chakula kilichotoka katika shamba, kutazama ngoma. Hivyo ndivyo plantasyo ilivyokuwa mahali pa mapumziko: si kwa tajiri kununua na kupaka rangi, bali kwa kutafuta namna ya kutoifunga.

Kuko hatari moja katika kazi hii mpya, na si ya Mugongo peke yake. Kote Afrika nyumba za planteurs zinapogeuzwa mahali pa wageni, zinauza zaidi miaka ya 1950: chai ya saa kumi, viti vya miwa, picha za weusi na weupe ukutani. Mugeni anaondoka na hisia kwamba zamani ilikuwa ya utulivu. Wachumaji hawaonekani katika hadithi, wala kapita, wala udongo ulikuwa wa nani mbele ya konsesyo. Mugongo ina bahati, kama neno hilo linafaa, kwamba historia yake ya karibu ni nzito kuliko ile ya chai. Si rahisi kuificha, lakini inawezekana kuipita haraka.

Huku Kivu ya Kaskazini jambo hili linagusa. Siku ambazo barabara zilikuwa wazi, wakaaji wa Goma walipenda kupanda Masisi siku ya mwisho wa juma, kununua fromage, kuketi katika majani ya ferme na kurudi jioni. Ferme zile nyingi zina historia ndefu kama ya Mugongo: mukoloni, acquéreur, ng'ombe, vita vya 1993, wakimbizi, askari wa kila rangi waliolala ndani na kuchoma milango kama kuni. Zingine zimebadilisha mwenye mali mara tano. Chache sana zimeandikwa. Wazee waliochuma piretre pale, na wanaojua kila jengo lilikuwa la kazi gani, wako wachache kila mwaka.

Mutu wa Goma ao Rutshuru mwenye nafasi ya kufika Mugongo, aulize kwanza kama wanapokea wageni siku hiyo, kisha achukue nguo ya baridi, hata kama ziwani jua linachoma. Asiishie kwenye nyumba na kaburi. Aombe aonyeshwe ile nyumba ya kukaushia ilikuwa wapi, na aulize majina ya walezi waliokuwa wakiamka usiku humo, mwaka wa 1995, mutoto akilia.